Usiniandikie jina msimu huu

Swahiba wangu,

Salaam nyingi sana. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Shemeji hajambo? Watoto je? Mwambie yule mdogo kwamba ile picha ya mshale aliyonichorea nimeibandika ukutani karibu na kitanda, na ndiyo niliyokuwa nikiitazama usiku ule usingizi ulipogoma.

Najua nimekaa kimya mno. Umeandika mara tatu, sijajibu hata moja, na katika hii ya mwisho mwandiko wenyewe ulionyesha umeanza kukasirika. Una haki, nisamehe. Madhumuni ya barua hii ni kukujibu lile swali lako, kama uniandikie jina msimu huu wa kuwinda, na jibu nalitoa sasa hivi kabla sijabadili nia: usiniandikie jina kwenye kibali cha mwaka huu. Kuja nitakuja. Nitafuata nyayo, nitabeba darubini, nitakaa kimya kama jiwe. Ila upinde sitashika.

Tafadhali usiikunje barua hapo. Soma mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Bega lenyewe la kulia, lile nililopasuliwa, linaendelea vizuri. Uliniuliza wameniwekea nini, maana Fundi amekwambia nina bega la plastiki. Amepatia nusu. Gegedu lilikuwa limelika likaisha, mfupa ukawa unasaga mfupa; ndio ule mlio uliokuwa ukinitania kwamba nina bawaba kavu begani. Basi wamekiondoa kichwa cha mfupa wa mkono, wakaweka tufe la chuma lenye mguu unaozama ndani ya mfupa, na upande wa kombe la bega wakaweka kikombe cha plastiki ngumu. Chuma kinateleza juu ya plastiki. Kano zangu zilikuwa bado nzima, ndiyo maana nikapata la aina hii. Wale ambao kano zimechanika vibaya huwekewa la kinyume, tufe likakaa kwenye kombe na kikombe kikaja mkononi, ili ule msuli mnene wa nje ya bega ubebe kazi yote. Nikiwa kitandani nilisoma kwamba bega bandia la kwanza linalojulikana liliwekwa Paris mwaka 1893 na daktari aitwaye Jules-Émile Péan. Lilikuwa la platini na mpira mgumu, na baada ya miaka kama miwili likabidi litolewe kwa sababu ya maambukizi. Nilimfikiria sana mgonjwa yule. Miaka miwili ya kunyanyua mkono, halafu unaambiwa urudishe.

Wiki sita za kwanza sitaki kuzisimulia zote. Mkono ulining'inizwa shingoni usiku na mchana, nikalala nusu nimekaa na mto chini ya kiwiko. Shati unajifunza upya kulivaa: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Nilikatazwa kubeba chochote kizito kuliko kikombe, na nilikatazwa kabisa kujisukuma kwa mkono huo ninapoinuka kitini. Hilo la kiti ndilo lililonishinda, kwa kuwa mtu hajui anavyoinuka mpaka akatazwe. Sababu ni kwamba ili kukifikia kiungo walikata kano moja ya mbele ya bega, wakamaliza kazi, wakaishona. Nyuzi za ngozi unaziona zikikauka, lakini mshono wa ile kano hauuoni, na ndio ukifumuka unarudi mwanzo. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuinama mezani, nimeegemea mkono wa kushoto, na kuuacha wa kulia uning'inie na kuchora viduara hewani. Mtu aliyekuwa akivuta upinde wa ratili 60 anachora viduara hewani. Nililia siku ya kwanza, nakwambia wewe peke yako.

Mazoezi ya nguvu yalianza baada ya miezi mitatu. Mpira wa kunyoosha umefungwa kwenye kitasa cha mlango, na yule dada wa mazoezi ya viungo amesimama nyuma yangu, kidole chake kimegusa katikati ya makombe ya bega. "Vuta kutoka hapa," anasema. "Mkono ni kamba tu." Miaka yote ile tunayopiga mishale, Mwalimu alitwambia maneno hayohayo, na mimi nikadhani nimeelewa. Kumbe nilikuwa navuta kwa bega. Inawezekana ndivyo nilivyolimaliza, ingawa daktari anasema umri na ile ajali ya zamani vinatosha.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji nikaruhusiwa upinde mwepesi, ratili 20, kama kilo 9. Hatua tano kutoka kwenye shabaha, macho nimefumba, mishale kumi na miwili, siku moja napiga, siku moja napumzika. Sikutafuta kulenga. Nilikuwa nausikiliza mkono. Siku ya kwanza upote, ile kamba ya upinde, ulipogusa kidevu nilikaa hapo sijui muda gani, sikutaka kuachia. Ile harufu ya nta ya upote, unaijua. Nikaachia, mshale ukaingia, na bega halikusema kitu. Kimya kabisa! Miaka minne sijawahi kupiga mshale bila ule mlio.

Sasa ndio nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita niliutoa ule upinde wangu wa kapi, ule unaoufahamu, wenye magurudumu nchani yanayopunguza uzito ukishavuta mpaka mwisho. Niliulegeza skurubu mpaka ratili 45. Nilijiambia kwamba kama ninavuta 45 bila maumivu, basi nimekwisha kuwa tayari, na siku hiyohiyo nikuandikie uweke jina. Na nikavuta. Swahiba, nilivuta kama mtoto anavyovuta ubawa wa kuku! Kapi zikageuka, uzito ukashuka kama ujuavyo, mkono ukabaki unashika kilo 4 hivi, pini ya kulengea ikatulia katikati ya shabaha. Nikafurahi mno.

Hapo ndipo mbwa wa jirani akatokea. Akaja akinusanusa, akasimama mbele ya shabaha, akageuza kichwa kunitazama.

Nikaamua kurudisha, yaani kuupeleka upote mbele taratibu bila kuachia mshale. Umeshawahi kufikiria kurudisha ni nini hasa? Mimi sikuwahi. Nimefanya mara elfu bila kufikiria. Kwenye upinde wa kapi unashika kilo 4, ukisogeza mkono mbele kidogo tu, kapi zinageuka na kilo 20 zinakurudia kwa mkupuo mmoja, zinaukwapua mkono kwenda mbele. Kuvuta unajiandaa, unaanza wewe. Kurudisha ni upinde unaoanza. Msuli wangu wa nyuma ya bega haukuwahi kuwa na habari. Mkono ukanyakuliwa, kiwiko kikapita mbele ya kifua, mshale ukadondoka kwenye kiegemeo, na nikasikia kitu kama kamba inayokazwa ndani ya bega. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Yule mbwa akaja akanilamba sikio.

Usiogope, nilikwenda kwa daktari Jumatatu. Picha ya eksrei safi, chuma kiko pale kilipowekwa, nguvu ya kano ameipima ipo. Ni msuli umevutika. Hakunigombeza sana, aliniuliza tu: "Nani alikwambia 45?" Nikakosa la kusema. Akanieleza kwamba ile plastiki ndiyo anayoihofia miaka ijayo, kulegea pale iliposhikana na mfupa, na mivuto ya ghafla haiipendi. Mkono huu ameuwekea mwisho wa kilo 10 kubeba, na amenikataza kuning'inia kwenye tawi au kukokota kitu. Kwa hiyo hata tukipata windo, kulikokota ni kazi yako na binamu yako.

Lakini sikulala Jumamosi ile, na si kwa maumivu. Nilikesha naye yule mbwa kichwani. Maana nilipokuwa nimeshika na yeye amesimama pale, kwa nukta moja, kabla sijaamua kurudisha, mkono ulikuwa unaniambia kwamba njia nyepesi ni kuachia. Kuachia hakuumi. Kurudisha ndiko kunakouma. Mwili ulikuwa umeshajua hilo kabla yangu. Sasa weka kulungu mahali pa mbwa. Weka yule aliyegeuka nusu, jani limefunika mbavu, humwoni vizuri, na mimi nimeshika dakika nzima na bega limeanza kutetemeka. Nitafanya nini? Nimewaza sana, na kila nikizunguka narudi palepale: nitaachia. Nitaachia kwa sababu siwezi kurudisha, na yule mnyama atakwenda na mshale wangu tumboni, tumtafute mpaka usiku.

Unakumbuka ule mwaka wa mvua, wewe ulivyoshika kwa yule jike? Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yako. Uliona kabla yangu kwamba kuna mtoto nyuma yake, kichwa tu kinatokeza. Ukarudisha polepole, upote ukaja mbele bila hata kutikisa jani, na wale wawili wakaondoka wakila. Tulirudi mikono mitupu. Mwalimu alikupa mkono, hakusema neno, na wewe ukadhani anakupa pole. Mimi nilijua anakupa nini. Tangu siku ile nimekuwa nikikuonea wivu mshale ambao hukupiga, na sasa naelewa kwamba bega lako ndilo lililokuruhusu kuwa na huruma. Langu bado halijaniruhusu.

Kuhusu ule upinde wa mtambo uliopendekeza, sikatai. Unakazwa kwa mkono wa kuzungusha, hauvuti bega, unaweza kukaa nao umelenga saa nzima na ukaamua usipige, na hakuna kitakachokukwapua. Kitako nitaweka bega la kushoto. Nimeuwaza kwa uzito, na watu wengi wenye mabega kama yangu wameendelea kuwinda kwa njia hiyo, nawaheshimu. Ila mimi… sijui nisemeje. Nataka kwanza nijue kama ule mwingine umenikataa kweli. Nikijua umenikataa, nitakuja kukuomba unifundishe huo, na sitaona haya.

Kwa sasa nimeanza zoezi jipya, nimekubaliana na dada wa mazoezi. Navuta ratili 20, nahesabu mpaka kumi, narudisha nikihesabu mpaka tano. Siachii mshale hata mmoja. Mara nane, basi. Ni zoezi la ajabu, unaondoka uwanjani na podo limejaa kama ulivyokuja. Jana nilirudisha mara nane na kiwiko hakikutetemeka mpaka ya saba. Nikifika ratili 40 na kurudisha mara nane kwa utulivu, nitakwambia uniandikie jina, hata kama ni msimu wa baada ya mwakani.

Kwa hiyo nina maombi. La kwanza, nafasi yangu mpe binamu yako. Anavuta vizuri na ana subira, tatizo lake ni kuongea tu. La pili, Fundi ana ule upinde wake wa mti, ratili 30, aliotaka kuufupisha. Mzuie! Nautaka kama ulivyo, ndiyo hatua yangu inayofuata, na wa mti hauna kapi za kunikwapua. Ukiurudisha uzito unapungua kadiri unavyokwenda mbele. La tatu, mfiche Mwalimu habari za 45. Nitamwambia mwenyewe.

Haya, nawe nijibu, usinilipize ukimya. Mtaondoka lini hasa? Mtapiga kambi palepale penye mwamba au mmebadilisha? Goti lako je, ulikwenda kuonyesha au bado unalipaka dawa na kusema litapoa? Unadhani nijaribu kujifunza kuvuta kwa kushoto huku nikingoja, au nitajivuruga jicho? Binamu yako atakubali mtu wa kumfuata nyuma na kumwambia "rudisha"? Na wewe, niambie kweli, umekasirika?

Msalimie shemeji, na yule mchoraji wangu mwambie safari ijayo achore mshale ulio ndani ya podo.

Ni mimi swahiba wako, ninayeandika kwa mkono wa kulia, kurasa zote hizi bila kupumzika.