Binamu, yule mzee haumwi

Binamu yangu,

Juzi nilikutumia klipu ya Bhimsen Joshi, mwimbaji wa muziki wa jadi wa India, akiimba huku mikono ikipaa hewani, ukanijibu kwa neno moja: "Anaumwa?" Nilicheka mpaka nikamwamsha mwenzangu wa chumba. Halafu nikaudhika kidogo. Wewe ni mpiga kinanda wa harusi, nyimbo za filamu za Kihindi unazo vidoleni, na nyingi ya hizo tuni zimechotwa kwenye raga hizi hizi, ile mipangilio ya sauti wanayojengea wimbo. Basi nisikilize.

Unajua kwamba hapa Pune, India, nimepanga chumba cha juu, na chini anakaa mwalimu wa kuimba. Saa kumi na moja alfajiri huja kijana mmoja, anakunja miguu chini, anaegemeza begani tanpura, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Nyuzi nne tu, na hazipigi tuni yoyote. Kidole kinazipitia moja moja, basi. Lakini kabla ya hapo ana kazi ya uzi wa pamba. Anaupenyeza chini ya kila waya pale unapolala juu ya daraja, anausogeza kiasi cha unywele, anapiga, anasikiliza, anausogeza tena, hadi waya uache kulia ting na uanze kuvuma kama mzinga wa nyuki. Ndipo anafungua kinywa: Saaa, yaani Sa, nota ya kwanza ya ngazi yao. Sauti ya chini kabisa anayoifikia, mpaka pumzi iishe. Anavuta nyingine. Saaa. Karibu saa nzima, hiyo hiyo moja! Mwezi wa kwanza nilitafuta chumba kwingine.

Mazoezi hayo wanayaita riyaz. Ni riadha yetu hiyo, neno moja la Kiarabu lililopanda majahazi mawili. Na ustad wao ni ustadhi wetu, ila huyu wao habishiwi. Mwalimu wa hapa chini aliniambia mwaka wake wa kwanza alifundishwa Yaman peke yake, raga ya jioni, kwa mdomo na sikio, bila karatasi. Mwalimu akiimba kifungu, wewe unakirudisha. Ukikosea, anakiimba tena. Hasemi umekosea wapi.

Huyo "mgonjwa" wako alizaliwa 1922 huko Karnataka. Ana miaka 11 akatoroka kwao kumtafuta mwalimu, sahani ya santuri ya mwimbaji Abdul Karim Khan imemkaa kichwani, akadandia treni bila tiketi. Miaka mitatu baadaye akapokelewa na mwimbaji Sawai Gandharva, mwanafunzi wa Abdul Karim Khan mwenyewe, katika mji mdogo wa Kundgol. Akakaa nyumbani kwa mwalimu, akateka maji, akatumwa huku na kule. Watu hapa wanaisimulia sehemu hiyo ya maji kwa fahari. Mimi hainipendezi. Ndoo haimfundishi mtu raga.

Ninayemvulia kofia zaidi ni mwimbaji Gangubai Hangal. Mwalimu huyo huyo, lakini yeye alikuwa mama wa watoto, hakuweza kuhamia kwa mtu. Alipanda treni kutoka Hubli kwenda Kundgol, anafundishwa, anarudi kwake. Na mama yake, mwimbaji wa mtindo wa India ya kusini, aliacha kuimba ili masikio ya binti yasichanganyikiwe. Hebu mfikirie mama huyo: nyumba ni yako, koo ni lako, na unanyamaza.

Ile mikono iliyokuchekesha nayo ina kazi. Hakuna nota mbele yake. Mkono unaifuata sauti inapopanda, unaikunja inapokunjika. Yule kijana wa chini alikuwa akikaa mikono mapajani kama yuko chuoni mbele ya maalimu. Siku hizi mkono wa kulia umeanza kunyanyuka wenyewe.

Wiki iliyopita niliamka alfajiri nikasikia tanpura tupu. Nikasema leo amekuja na mafua. Niliposhuka kujaza maji nikachungulia mlangoni: amekaa pale pale, macho kafumba, kinywa wazi, shingo inatetemeka. Alikuwa anaimba. Ile Sa yake ilikuwa imeingia ndani ya waya, na mimi juu kule sikuweza kuitenga.

Nimekurekodia dakika mbili. Usiisikilize kwa spika ya simu.