Kabla hujanunua mashine ya gemu

Nkuhungu, Dodoma

Kaka Hamisi,

Habari za Manyoni? Huku tupo, vumbi na upepo kama kawaida. Ujumbe wako nimeupata. Unasema binamu yako anakushauri uanze kibanda cha gemu na Xbox kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Hapo mimi na yeye hatuelewani.

Nguvu peke yake haiuzi mashine. Chukua PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000. Xbox ya kwanza na GameCube ya Nintendo zilikuja mwaka uliofuata, zote zikiizidi nguvu, lakini ukijumlisha mauzo yao hata milioni 50 hazifiki. PS2 ilipita milioni 155. Ilikuwa imewatangulia, na ilisoma diski za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo mtu hakutupa gemu zake za zamani. Juu ya hapo ilicheza DVD wakati deki za DVD bado ni ghali. Mzee aliyekataa kutoa hela ya mchezo wa watoto alikubali kununua deki ya sinema!

Bei nayo usiidharau. Mwaka 2006 Sony, wenye PlayStation, walipandwa na kiburi wakaitoa PS3 Marekani kwa dola 499, na nyingine 599. Nintendo wakaja na Wii ya dola 249, picha zake za kawaida tu, ila bibi aliishika rimoti, akarusha mkono na kucheza tenisi na wajukuu. Ikavuka milioni 100. Halafu Nintendo haohao wakaleta Wii U mwaka 2012, wengi wakadhani ni kifaa cha kuchomeka kwenye Wii waliyonayo. Ikaishia milioni 13 na ushee.

Lakini linalokuhusu wewe zaidi ni gemu zenyewe na watu wa kucheza nao. Kampuni hizi mara nyingi huuza mashine kwa faida kiduchu, wakati mwingine hata kwa hasara, kwa sababu zina fungu lao kwenye kila gemu inayouzwa. Wanaotunga gemu wanakimbilia mashine yenye watu wengi, na watu wanakwenda zilipo gemu. Ndiyo maana aliyetangulia kujaza watu ni shida kumng'oa.

Nenda kibanda chochote hapa Majengo jioni uone. Ni mpira tu, anayefungwa anaachia pedi. Kuna kimoja ambacho raba za vijiti vya pedi zimelika zote, mwenyewe kazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, na foleni haipungui. Vijana wale wanajua kitufe cha duara kwenye pedi ya PlayStation ndiyo shuti, hawaangalii hata vidole. Mpe mmoja wao pedi ya Xbox, atafungwa magoli matatu huku anatafuta kitufe, kisha atadai hela yake. Tena pedi ya PlayStation ikifa, fundi wa mtaani ana vipuri. Ya Xbox utaizungusha mji mzima. Binamu yako anaongelea mashine ya kucheza sebuleni kwake, wewe unatafuta biashara.

Kwa hiyo mimi ningechukua PS4 mbili zilizotumika kuliko PS5 moja mpya. Kabla ya kulipa, washa kila moja ucheze nusu saa nzima, usikilize feni. Ikinguruma kama mashine ya kusaga, iache. Diski iingie na kutoka bila kukwama. Na usisahau stabilaiza, maana umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui.

Ukipata nafasi panda basi uje Jumamosi, kuna fundi nitakupeleka kwake aangalie mzigo kabla hujatoa hela. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wako,
Musa