Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Semina zimefanyika, mafunzo ya vijana yamefanyika, jarida limetoka. Mnayajua yote, sitawachosha. Ada zilizokusanywa ni 1,150,000 kati ya 3,200,000. Kikao cha Juni kiliahirishwa kwa kukosa akidi, na baadhi ya ambao hawakufika ndio walioniandikia barua ndefu ya malalamiko. Naijibu hapa. Inahusu kanzidata yetu ya mikataba ya kijeshi baina ya nchi, ambamo kila mkataba tunaupanga katika kundi kulingana na ahadi iliyoandikwa.

Wanalalamika kwamba Mkataba wa Ulinzi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliosainiwa Dar es Salaam Agosti 2003, nimeuweka kundi la ulinzi (kuahidi kupigana pamoja) badala ya mashauriano (kuahidi kushauriana tu). Hoja yao ni kwamba ibara ya 6 inamwachia kila mwanachama ashiriki kwa namna anayoona inafaa. Ibara hiyo niliisoma mbele ya kamati, neno kwa neno. Inaanza kwa kusema shambulio la silaha litajibiwa mara moja, kwa hatua ya pamoja. Hiyo ni ahadi. Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, ushirika wa kijeshi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, nayo inaiachia kila nchi ichukue hatua inayoona ni ya lazima. Tukiushusha wa SADC, na wa NATO je? Kamati ilinyamaza.

Wengine wanasema Zimbabwe, Angola na Namibia ziliingia Kongo mwaka 1998 bila mkataba huu. Ni kweli, ila sisi tunapanga kilichoandikwa, si kilichotendeka. Tukivichanganya, tutapimaje kama ahadi hutimizwa? Mtafiti Sabrosky alipata kwamba ushirika wa kijeshi uliheshimiwa katika asilimia 27 tu ya nafasi ambazo vita viliujaribu. Mwaka 2000 mtafiti Leeds na wenzake walisoma masharti yenyewe, nani aliahidi nini na dhidi ya nani, wakapata karibu asilimia 75. Kazi yote ni kusoma vifungu, na sehemu kubwa ya vifungu vya kanzidata yetu nimevisoma mimi, usiku, bila posho.

Jambo moja katika barua nimelikubali. Mikataba ya kutoegemea upande na ya kutoshambuliana, ambayo Correlates of War, mradi wa takwimu za vita, katika uainishaji wake wa awali uliiweka kapu moja, tutaitenganisha kama walivyofanya ATOP, kanzidata nyingine ya mikataba ya kijeshi. Hata hivyo, kumbukumbu za vikao zitaonyesha nani alilitoa wazo hilo kwanza.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kuingiza mkataba wa Mali, Burkina Faso na Niger wa 2023. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.