Herufi nene zisibanwe mbavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wachapaji wa mabango na wateja wao hapa Mtwara na Lindi, kuhusu herufi nene za mapambo.

Herufi hizi zilianza London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa matangazo ya ukutani yaliyotakiwa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Cooper Black, fonti (mtindo wa herufi) ya mviringo na iliyovimba, ilitoka Chicago mwaka 1922. Kazi ya herufi hizi nene ni neno moja, mawili, basi. Jina la duka liwe nene. Bidhaa na namba ya simu ziandikwe kwa herufi za kawaida. "Wateja wote wanakaribishwa" ikiandikwa nene kwenye stika, kwa herufi za milimita 5, wino unaenea na matundu ya a na e yanaziba. Na Kiswahili chetu kimejaa a: hilo "wanakaribishwa" peke yake lina nne.

Kosa linaloniuma zaidi ni kubana. Neno likizidi upana wa bango, fundi analisukuma ubavuni kwenye kompyuta. Milia ya wima inakonda, ya ulalo inabaki na unene wake, na O inageuka yai lililokandamizwa. Herufi kama ilivyobuniwa na mchoraji wake imeshaharibika hapo. Fundi achague fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, au avunje maneno yawe mistari miwili, au apunguze urefu na upana kwa pamoja.

Tazama jina la mji wetu kwa herufi kubwa. M na W ndizo pana kuliko zote, na katikati W na A zinalaliana kwa mshazari, zinaacha pengo: mtu anasoma MTW ARA. Nafasi hiyo ipunguzwe kwa mkono, kwa kuangalia kwa jicho, si kwa rula. LINDI ina shida ya kinyume: milia ya wima ya I, N na D ikisogezwa sana inakuwa uzio, kwa hiyo ilegezwe. WA, YA na KWA zipo kila mstari, na kompyuta haizirekebishi kila mara.

Wenye bucha wakague pia ng'. Fonti nyingine za mapambo hazina alama hiyo, na "nyama ya ngombe" inabandikwa hivyohivyo.

Kwa ukubwa, kipimo kizuri ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayetaka asomeke vizuri kwa mita 30 aweke sentimita 25. Bodaboda ya kilomita 50 kwa saa inazimaliza mita hizo kwa sekunde mbili tu.

Kabla ya kulipia bango la mita 3, omba lichapwe kwanza kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, ambayo ni kama moja ya kumi ya upana huo. Libandike ukutani, rudi nyuma mita 3, usome. Ndivyo litakavyoonekana kwa mita 30.

Mchora mabango,
Mikindani, Mtwara