Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vibali vya Majengo: paa la turubai huanza kuchanika kabla ya kukatika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Fomu ya kibali cha mapaa ya turubai inamtaka mjenzi alete cheti kimoja tu cha nguvu ya kitambaa: kile cha kukivuta mpaka kikatike. Tunakuomba uongeze vingine vitatu.

Cheti hicho hupatikana hivi. Kipande chenye upana wa milimita 50 hubanwa ncha zote mbili na kuvutwa kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Poliesta iliyopakwa PVC, yaani plastiki, yenye nyuzi 12 kwa kila sentimita, hukatika kwenye newtoni (kizio cha nguvu) 4,200 hivi. Zigawe kwa nyuzi 60 zilizomo, utaona kila uzi umebeba newtoni 70. Mhandisi anazigeuza kuwa kilonewtoni 84 kwa mita, anagawa kwa 5 kwa ajili ya usalama, anapata karibu 17. Upepo ukileta 10, analala usingizi.

Shida ni kwamba nyuzi zile 60 zilivuta pamoja kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa na jeraha. Chukua kitambaa hichohicho, kichanje kwa kisu, kisha ukivute. Mzigo wa nyuzi zilizokatwa hausambai sawasawa kwa zilizobaki. Unakimbilia uzi wa kwanza mzima kwenye ncha ya mchano. Huo ukikatika, zamu ni ya jirani yake. Ndiyo maana kipimo cha kuchanika, kinachotumia kipande cha umbo la trapeza kilichochanjwa ukingoni, hutoa newtoni mia kadhaa tu. Hiyo ni kazi ya nyuzi chache. Na juu ya paa jeraha halikosekani: kona ya bamba la chuma, bisibisi iliyoanguka, tawi lililorushwa na upepo.

Mpako nao una siri yake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tazama kwa karibu ncha ya mchano kwenye kitambaa kizuri: nyuzi zimeteleza ndani ya plastiki zikajikusanya katika kipembetatu kidogo, zikasaidiana. Mpako uliopenya mno na kukakamaa huzinyima nafasi hiyo, zikakatika mojamoja. Mpako usioshika vizuri, kwa upande wake, hubanduka kwenye viungio. Kwa hiyo anayekuletea cheti cha mshiko mkubwa wa mpako, bila cha kuchanika, amekuonyesha nusu ya habari, na huenda ni ile nusu inayompendeza. Ufumaji pia una neno: nyuzi zikipita mbilimbili badala ya mojamoja, kitambaa hukawia kuchanika.

Nyuzi za kioo zilizopakwa PTFE, ile plastiki ya sufuria zisizoshika chakula, zinahitaji uangalifu zaidi. Hazioti kutu, moto hauzitishi, na zikivutwa zina nguvu kweli. Ila hazipendi kukunjwa. Fundi akilikunja paa na kulikanyaga kwenye mkunjo, nyuzi huvunjika ndani na nje pasionekane kitu. Paa la uwanja wa michezo wa Metrodome mjini Minneapolis, Marekani, lilichanika chini ya theluji Desemba 2010, na la Uwanja wa Olimpiki wa Montreal Januari 1999. Yote mawili yalikuwa ya kitambaa cha aina hii.

Basi cheti cha kwanza tunachokiomba ni cha kuchanika, kwa upande wa mtande (nyuzi za urefu) na wa mshindio (nyuzi za upana), kikiambatana na kipimo cha kipande kipana chenye mchano katikati. Mchano wa sentimita chache unatosha kushusha nguvu chini ya nusu ya ile ya cheti cha sasa, na namba hiyo ndiyo mhandisi anapaswa kuanzia.

Cha pili ni cha kuvutwa pande mbili kwa pamoja, kwa kipande chenye umbo la msalaba, kwa uwiano tofauti wa mvuto wa pande hizo: 1 kwa 1, 2 kwa 1, 1 kwa 2, na kwa kurudiarudia. Kwenye kitambaa kilichofumwa, mshindio kwa kawaida umepinda zaidi ya mtande, hivyo unanyooka zaidi. Ukiuvuta upande mmoja unanyooka na kuulazimisha wa pili upinde. Kipimo cha upande mmoja hakioni hilo hata kidogo. Matokeo yake ndiyo yanayomwambia mkataji apunguze vipande kwa asilimia ngapi kabla ya kuvichomelea, na kwa kuwa hata marobota mawili ya kiwanda kimoja hutofautiana, kipimo kifanywe kwa kila shehena. Akikosea, paa linalegea. Paa lililolegea hupigapiga kwenye upepo mpaka mpako uchubuke, au hutuamisha maji. Maji hulibonyeza, dimbwi linakua, likivuta maji zaidi.

Cha tatu ni cha kiungio, kivutwe kwenye nyuzi joto 23 za Selsiasi na tena kwenye 70. Kiungio cha PVC hushikiliwa na plastiki tu, nyuzi za pande mbili hazijafungamana popote. Kwenye baridi kitambaa hukatika kabla ya kiungio. Kwenye joto la jua kali plastiki inalainika na kiungio kilekile kinateleza taratibu.

Tungependa pia wakaguzi wako waangalie mambo ambayo hayahitaji maabara: kona za mabamba ziwe za mviringo na zimesagwa laini, kingo zilizokatwa ziwe zimezibwa ili maji yasipenye kufuata uzi, na unene wa mpako upimwe juu ya migongo ya nyuzi, maana ndiko jua linakofika kwanza. Uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba hauonyeshi hilo.

Na kiraka kisikubaliwe kama paa halikulegezwa kwanza. Kikichomelewa juu ya kitambaa kilichokazwa, mkazo uliokuwapo haukigusi. Unaendelea kuzunguka ncha zilezile za mchano, safari hii chini ya kifuniko kinachoficha unakoelekea.

Wako,
Wahandisi na mafundi wa mapaa ya turubai