Mtani, zile hazikuwa kelele tu

Mtani wangu, za huko Tabora?

Voisi yako nimeisikiliza yote, hata pale ulipokatisha ukaanza kugombana na bodaboda kuhusu chenji. Unasema Bunge la siku hizi limetulia, watu wanaheshimiana, na kwamba enzi zile za UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, zilikuwa vijembe na fujo tu, hamna cha maana kilichotoka. Nilitaka nikujibu kwa meseji fupi nikaona itakuwa matusi matupu, bora nikuandikie. Chemsha chai kabisa.

Kelele zilikuwepo, hilo sibishi. Si unakumbuka katikati ya 2014 Kafulila alivyoshikilia ile ishu ya Escrow, ile akaunti ya hela za umeme iliyokuwa Benki Kuu, yeye mbunge wa NCCR kutoka Kigoma Kusini, wenzake wengi hata hawajui akaunti ya Escrow ni kitu gani, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati ule, Jaji Werema, akamwita tumbili, jamaa naye akamrudishia kwamba ni mwizi, basi ikawa karibu kukunjana mashati, ikabidi Werema azuiwe na wenzake. Sisi mtaani tulicheka wiki nzima. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa kawaida kuhusu Escrow atakuambia tumbili, sio shilingi ngapi zilitoka Benki Kuu.

Na hapo ndo penyewe mtani. Zilitoka zaidi ya bilioni 300. Nikukumbushe kidogo maana wewe huwa unakumbuka majina ya wanasiasa tu. IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, walikuwa na ule mtambo wa umeme wa megawati 100 pale Tegeta, mkataba wa tangu 1995. TANESCO waliokuwa wananunua huo umeme wakaja kugundua wanachajiwa kupita kiasi, wakakataa kulipa moja kwa moja, ndo ikafunguliwa akaunti Benki Kuu mwaka 2006, hela ziingie humo zikae mpaka wajue nani anamdai nani. Mwishoni mwa 2013 hela ikatolewa ikaenda PAP, kampuni ya Harbinder Sethi aliyesema ameinunua IPTL, kabla hayo mahesabu ya nani anamdai nani hayajakamilika. Sasa wewe niambie, kama sehemu ya ile hela ilikuwa ni ya TANESCO na ikaondoka, nani analipia? Si wewe na luku yako!

Ubishi wote wa bungeni ulikuja kukaa kwenye swali moja tu, hela ya umma au sio ya umma. Serikali ikasema ya IPTL. Kamati ya PAC, ile ya Bunge ya hesabu za serikali, ikasema hapana, humo ndani kuna ya umma. Ukikubali sio ya umma, maadili yote yanakufa hapo hapo, maana mtu akipewa bilioni na rafiki yake kutoka kwenye hela yake binafsi utamshitaki kwa lipi? Ndo maana waligombania hilo neno kama mpira wa kona.

Halafu kitu ambacho wewe hukigusi kabisa kwenye voisi yako ni hiki, ile ripoti haikuwa ya upinzani. Mwenyekiti wa PAC alikuwa Zitto Kabwe wa CHADEMA, sawa, na kwa kanuni zetu PAC inaongozwa na mpinzani, lakini makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa Ludewa, CCM damu damu, na kamati yenyewe wengi walikuwa CCM. Zitto mwenyewe wakati ule ana ugomvi na chama chake mpaka mwaka uliofuata wakamfukuza. PAC wakaomba CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, afanye ukaguzi maalum, wakaja na makaratasi, tarehe 26 Novemba 2014 Zitto akasoma. Nilikuwa saluni ya kiume siku hiyo, tivii imewashwa TBC laivu, kinyozi kaacha mashine inanguruma hewani anasikiliza majina. Andrew Chenge, mbunge wa CCM, bilioni 1.6. Profesa Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, bilioni 1.6. Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati, milioni 40.4. Majaji humo, hadi askofu. Wote kutoka kwa Rugemalira, mbia wa IPTL ambaye alikuwa ameuza hisa zake asilimia 30 kwa dola milioni 75.

Chenge huyo huyo aliyeita hela zake za nje vijisenti mwaka 2008, na wakati huo ndo mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge. Mtani, Kamati ya BAJETI.

Sasa siku mbili zilizofuata ndo unaziita fujo. Ukiangalia kwa makini utaona fujo ilivyokuwa inatengenezwa. Mtu anachangia, anakaribia kufika kwenye jina, mwenzake wa upande wa pili anasimama, taarifa Mheshimiwa Spika! Anapewa, anaongea jambo halihusiani kabisa, Spika anauliza unaipokea taarifa hiyo, jamaa anasema siipokei, dakika zinakatika. Anaendelea, mwingine anasimama, kuhusu utaratibu! Anaulizwa kanuni ya ngapi, anaanza kupekua kitabu. Mwingine, mwongozo! Mpaka kengele inalia mtu hajamaliza sentensi yake, wanagonga meza wanacheka. Nani hapo alikuwa anapiga kelele? Mimi naona yule aliyekuwa anasoma makaratasi sio yeye. Na wapo waliokuwa wanasema haya yote ni mambo ya urais wa 2015, watu wanamalizana kambi kwa kambi. Inawezekana kabisa, siasa ni siasa, lakini hata mtu akikuibulia mwizi kwa sababu anagombea naye mwanamke, mwizi si bado kaibuliwa?

Siku ya mwisho usiku ikavurugika kweli, wapinzani wakagoma wakapiga makelele, ikabidi wakae pande zote mbili wapatane maneno ya maazimio. Tarehe 29 yakapita, Jumamosi. Na matunda yake haya hapa, maana umesema hamna: Werema akajiuzulu Desemba, Rais Kikwete akamuomba Tibaijuka apishe, Muhongo wa Nishati akaachia ngazi Januari 2015, na Chenge na Ngeleja wakatoka kwenye uenyekiti wa kamati zao. Wiki nane hivi. Nionyeshe mahali pengine ambapo makaratasi ya kamati yamefanya kazi hiyo.

Ila usifurahie haraka, sikwambii yaliisha vizuri. Lile Baraza la Maadili ya viongozi wa umma lilivyokaa Karimjee 2015, Tibaijuka akaeleza kwamba hela ilikuwa mchango wa shule, na ile milioni 10 aliyochukua humo akasema ya mboga. Milioni kumi ya mboga! Mama yangu alikuwa anauza mchicha Mawenzi sokoni, alikaa kimya kidogo akauliza hivi hao wanakula mboga gani. Chenge yeye akaja na pingamizi la mahakama kabisa kwamba baraza halina uwezo wa kumhoji. Na mwaka uliofuata, baada ya uchaguzi, akawa mwenyekiti wa Bunge, anakalia kile kiti anaongoza vikao. Ile Januari 2016 Nape, waziri wa habari, aliposema TBC haitaonyesha tena Bunge laivu na wapinzani wakachachamaa hadi askari wakaingizwa kuwatoa, unajua nani alikuwa kwenye kiti? Chenge. Muhongo naye alikuwa amesharudishwa Nishati. Filikunjombe alishakufa, helikopta, Oktoba 2015 kwenye kampeni. Yule bado inaniuma.

Ngeleja ndo alirudisha ile milioni 40, 2017, baada ya Sethi na Rugemalira kufikishwa mahakama ya Kisutu. Na hao wawili walikaa rumande miaka minne wakatoka 2021, mmoja kwa makubaliano ya kulipa na DPP, yule mkurugenzi wa mashitaka, mwingine akafutiwa mashitaka. Kesi haikusikilizwa mpaka mwisho. Kwa hiyo lile swali la hela ya nani mahakama haijawahi kutujibu, tulilo nalo ni zile siku chache za Novemba.

Haya sasa Bunge lako lililotulia. Mwishoni mwa 2018 CAG Profesa Assad kaulizwa redioni huko New York mbona ripoti zako hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba ni udhaifu wa Bunge. Basi Spika Ndugai akamwita Dodoma kwenye Kamati ya Maadili, asipokuja ataletwa na pingu. Mkaguzi! Aprili 2019 Bunge likapitisha kwamba halitafanya kazi naye, na Halima Mdee, mbunge wa CHADEMA aliyemuunga mkono, akasimamishwa vikao. Yaani neno maadili limegeuka, sio tena kumuuliza aliyechukua hela, ni kumuuliza aliyezihesabu. Novemba mwaka huo Assad akaondolewa, na Mahakama Kuu imekuja kusema baadaye kwamba haikuwa sawa kikatiba, lakini mtu kashaenda zake. Hiyo ilipita kwa utulivu mtani, wengi walisema ndiyo wakagonga meza.

Baada ya 2020 upinzani mle ndani ukabaki kiduchu, na wale wanawake 19 wa viti maalum wa CHADEMA, chama chao chenyewe kilishawafukuza. Ripoti ya CAG inakuja kila Aprili, mikasa imejaa, halmashauri hivi, shirika lile hivi. Mbunge anasimama, dakika ya kwanza anampongeza Rais, ya pili waziri na naibu waziri na katibu mkuu, ya tatu anaomba barabara ya jimboni, kengele. Heshima ipo nyingi sana. Mimi hiyo heshima hainisaidii, nataka mtu wa kusema fungua ukurasa fulani, hii saini ya nani, na mwenzake wa chama tawala pembeni yake anasema nami nimeiona.

Kafulila wako huyo sasa yuko serikalini, kahamia CCM tangu 2017, kawa mkuu wa mkoa na yote. Najua utanirushia hilo kwa hiyo nimelitaja mwenyewe. Mtu kahama, lile alilosema 2014 halijahama.

Jibu usilete kwa voisi, andika kama mtu aliyesoma Milambo. Na ile asali uliyoahidi itume na basi la Alhamisi, nitaipokea Msamvu. Shemeji na watoto wote nawasalimu.

Mtani wako wa Moro