Eksirei: tatizo ni picha za kurudia

Mhariri,

Wagonjwa wengi huikwepa eksirei ya kifua, ilhali picha moja hutoa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.02 hivi, sawa na mionzi ya asili tunayoipata kwenye mazingira kwa siku tatu. CT ya tumbo (eksirei ya kompyuta inayopiga picha za vipande vya mwili) ndiyo ya kuulizia sababu: hufika milisiveti 8, yaani mara 400.

Mionzi inayopotea bure ni ya kurudia picha. Mgonjwa kapumua, mtoto katikisika, cheni imesahaulika shingoni. Vua vyuma, vuta pumzi, izuie mpaka uambiwe. Taa ya mashine huonyesha mionzi itakapopita; imulike sehemu inayopigwa tu. Ikitapakaa mpaka kwenye nyonga kwa picha ya kifua, uliza.

Mjamzito aseme kabla ya kupigwa, si baadaye. Picha za zamani njoo nazo.

Mtaalamu wa radiolojia,
Arusha